Tulipomngoja Mama Mdogo Genova

Asubuhi ya kwanza Genova nilitoka bafuni nikakuta mama ameshatandika vitanda vyote viwili, amebana pembe za shuka kama wanavyobana kwenye nyumba ya wazee anakofanya shifti za wikendi, na sasa anafuta meza kwa soksi yangu.

"Mama, hoteli ina watu wa kazi hiyo."

"Najua. Ndiyo maana. Wakifungua mlango wasiseme Waafrika wamelala humu."

"Lakini tumelala humu."

"Vaa viatu."

Masanduku yetu yalikuwa yamefungwa zipu, yamesimama wima kando ya mlango, kana kwamba tumeambiwa tuhame. Tulikuwa na siku tatu za kukaa pale na mama hakutundika hata nguo moja kabatini.

Sijawahi kulala mahali kama pale. Dari ya chumba chetu ilichorwa malaika wanene, na mmoja wao alikuwa na ufa katikati ya tumbo. Lifti ilikuwa ya mbao, ndani ina kiti kirefu cha mahameli mekundu, nayo ilipanda polepole mpaka unaona haya mbele ya mtu uliyepanda naye. Chini, sebule ya wageni ilikuwa na vioo vikubwa kuliko ukuta mzima wa fleti yetu ya Merrylands, Australia. Kila nilipojaribu kupita bila kuonekana nilijiona mwenyewe, pande zote, nikijaribu kupita bila kuonekana. Kwenye kifungua kinywa mhudumu aliinamisha kichwa akaniuliza kitu, nikamwambia "sori." Akauliza tena, nikasema "sori" tena. Akaniletea maziwa ya moto. Sinywi maziwa. Niliyanywa.

Hatukwenda kule kama matajiri. Mama anamtunza bibi mmoja Mwitaliano anayekaa mtaa wa tatu kutoka kwetu: anamwogesha, anampa dawa, anampikia, anagombana naye juu ya chumvi. Sote tunamwita Nonna, ndivyo Waitaliano wanavyomwita bibi. Nonna alizaliwa Genova. Baba yake alikuwa akibeba mizigo ya abiria pale stesheni, na yeye akiwa mtoto aliiona hoteli hii kwa nje tu, akisimama ng'ambo ya barabara kutazama wageni wakishuka kwenye magari. Halafu wakapanda meli kwenda Australia, basi, hakurudi tena. Sasa miguu haimbebi, na mwaka huu, siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, aliwaambia watoto wake hataki keki wala maua, anataka alale kwenye hoteli ile kabla hajafa. Watoto wana kazi zao. Wakamwomba mama ampeleke. Mama akasema ana binti, ni likizo ya shule, na baba wa binti anaishi Brisbane na familia nyingine, kwa hiyo hana wa kumwachia. Wakanikatia tiketi na mimi. Chumba chetu kilikuwa ubavuni mwa cha Nonna, na mlango wa katikati haukufungwa hata mara moja, ili mama amsikie akiita.

Kanisani walifurahi kuliko mimi. Mama mmoja anayepanga maboksi kwenye ghala la Ingleburn alinishika mashavu. "Ulaya! Utaturudia na Kifaransa."

"Ni Italia, mama."

"Si ni majirani?"

Lakini mama hakuikubali safari ile kwa ajili ya Nonna. Aliikubali kwa ajili ya Mama Mdogo.

Mama Mdogo ni mdogo wake wa pekee. Waliachana Bukavu kabla sijazaliwa. Mama alikimbilia Uganda, akakaa kambini, nikazaliwa huko, tukapata Australia nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama Mdogo alibaki na mama yao, baadaye akaolewa na mtu aliyekwenda Italia, akamfuata, na yule mtu akageuka. Wakaachana. Sasa anakaa Torino, anamtunza bibi wa Kiitaliano. Ndiyo, yeye pia. Ndugu wawili, kila mmoja na upande wake wa dunia, wote wanaogesha mabibi wa Kiitaliano. Wakipigiana simu wanalinganisha. Wako anakula? Wangu anatema. Wako analala? Wangu anaamka alfajiri kunitafutia makosa.

Mimi nilimjua kwa sauti tu. Sauti ikisema, "Bon, huyo mtoto wako anaongea ao haongei?" Mama ananisukumia simu, nasema "Jambo, Mama Mdogo," namrudishia simu kama inaniunguza. Mama yao alipofariki, hakuna kati yao aliyeweza kwenda kuzika. Mama alilia ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka la nyama Auburn, simu ikiwa juu ya dashibodi, na Mama Mdogo akilia ndani ya simu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na mfuko wa kuku wa barafu mapajani, maji yakinilowanisha sketi, na sikuthubutu kuuweka chini.

Bibi wa Torino humpa Mama Mdogo mapumziko Alhamisi mchana na Jumapili. Usiku lazima awepo amlaze. Sisi tulifika Genova Ijumaa, na Jumatatu tulitakiwa tupande milimani kwa binamu za Nonna, na kutoka huko uwanja wa ndege. Kwa hiyo siku yao ilikuwa moja tu, Jumapili, na ndani ya siku hiyo masaa machache kati ya treni ya kuja na treni ya kurudi. Isipowezekana Jumapili ile, hakuna aliyejua ingewezekana lini.

Na mama alikuwa hajamwambia Nonna.

"Kwa nini humwambii?" nilimuuliza Ijumaa hiyo hiyo.

"Nimeletwa kufanya kazi. Mtu hakulipii ndege ili ukaonane na ndugu zako."

"Lakini atakubali. Unajua atakubali."

"Ndiyo sitaki kumwomba. Akikubali, kila nikimwambia ale dawa atakumbuka kwamba alikubali." Akashusha sauti, maana mlango wa katikati ulikuwa wazi, ingawa Nonna haelewi neno la Kiswahili, sisi huongea naye Kiingereza. "Jumapili akishakula atalala. Kila siku analala. Akilala nashuka chini, namwona mdogo wangu, wewe unakaa na Nonna."

"Na mimi simwoni?"

"Utamwona. Tutapokezana."

Jumamosi mama hakutulia hata dakika. Alimsukuma Nonna kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka baharini, wakarudi, wakapanda lifti, wakashuka. Alifua soksi ambazo hazikuwa chafu. Mimi nilitembea kwenye korido za hoteli, juu ya mazulia yanayomeza hatua, nikifanyia mazoezi maneno nitakayomwambia Mama Mdogo. Nilikuwa na sentensi mbili nzuri. Kila nilipofika mwisho wa korido zilikuwa zimebaki moja na nusu.

Jioni hiyo mgeni mmoja mwanaume alimkuta mama koridoni, amevaa blauzi yake ya bluu ya kazini, ameshika taulo zetu alizozikunja mwenyewe. Yule mtu akasema kitu kwa Kiingereza cha kwao, akanyoosha kidole kwenye taulo. Mama akampa. Akaongeza na ile ndogo ya uso.

"Mama! Hizo ni zetu!"

"Ameomba vizuri," mama akasema. "Na nitamweleza nini mimi? Nianze hadithi ya Bukavu?"

Nonna alipoambiwa alicheka mpaka meno yake ya juu yakashuka. Tulijifuta kwa fulana.

Jumapili mama alivaa kitenge. Kilikuwa kipya, alishonewa na mama mmoja wa Blacktown, cha kijani na ndege wa manjano, mikono imesimama juu kama mabawa, na juu yake akavaa sweta la kijivu ili Nonna asiulize. Akampa Nonna chakula. Akamfuta mdomo. Akavuta pazia, akatandua kitanda, akasema kwa sauti ile ya wazee, ya polepole, "Sasa tupumzike kidogo, Nonna."

"Sitaki."

"Kidogo tu."

"Nalala Merrylands kila siku, bella. Merrylands hakuna cha kutazama. Leo nataka nikae chini pale kwenye vioo, nionekane."

Bella ndivyo anavyomwita mama, maana yake mrembo. Mama alisimama na kona ya blanketi mkononi. Nilimwona akihesabu kichwani njia zote, na zote zimefungwa. Halafu akamvalisha Nonna viatu vyake vizuri.

Kwa hiyo tulishuka sote. Tukakaa kwenye sofa inayotazama mlango mkubwa wa kioo, Nonna katikati kwenye kiti chake cha magurudumu, mkoba mapajani, amepaka rangi ya midomo. Mlangoni alisimama mzee wa koti refu na kofia ya ukanda wa dhahabu, akiwafungulia watu. Simu ya mama ikalia kidogo. Ujumbe: *Yaya, nimefika stesheni. Nakuja.* Yaya, kwa Kiswahili cha Bukavu, ni dada mkubwa. Stesheni iko pale chini, ukiwa na macho mazuri unasoma saa yake kutoka dirishani kwetu. Mama aliinuka, akakaa. Akajifunga sweta, akalifungua.

Halafu hakuna mtu aliyekuja.

Waliingia wanawake wenye mbwa. Aliingia mwanaume na maua. Kila mara mzee wa kofia alipovuta kioo, mama aliinua kidevu, kisha akakishusha. Alipiga simu, haikupatikana. Akatuma ujumbe, ukabaki na alama moja. Mama Mdogo huwa na bando ndogo, ikiisha imeisha mpaka mwezi mwingine. Mama akainuka kumfunga Nonna shali. Akakaa. Akainuka kumfungua Nonna shali.

"Una mdudu gani leo?" Nonna akasema. "Kaa. Unanitia kizunguzungu."

"Nanyoosha miguu, Nonna." Na kwangu, kwa Kiswahili, huku anamtabasamia Nonna: "Nenda stesheni ukamtazame."

"Peke yangu?"

"Na nani? Na wale malaika?"

"Sijui Kiitaliano, mama."

"Unatafuta mwanamke mweusi mwenye sura yangu. Hapo unataka Kiitaliano cha nini?"

Nilikwenda. Mzee wa kofia alinifungulia na nikamwambia sori. Stesheni ilijaa watu wanaojua wanakokwenda. Nilizunguka chini ya mbao zinazoonyesha saa za treni, nikatazama kwenye baa, nikasimama nje ya choo cha wanawake mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Nilirudi mbio kwenye mlima unaopanda hotelini, na jasho mgongoni.

"Hayupo."

Uso wa mama haukubadilika, mikono ndiyo ilibadilika, ilikaa kimya ghafla. "Polisi wamemwuliza karatasi."

"Ana karatasi, mama. Ulisema anazo."

"Karatasi unaweza kuzisahau nyumbani." Akatazama saa ya ukutani. Treni ya kurudi haikuwa mbali tena. "Ao amefika hapa, ameniona nimekaa na mzungu wangu kama malkia, akageuka."

"Hawezi."

"Humjui wewe. Wewe hata kuongea naye huongei."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nilikaa. Nonna aliomba kahawa, ikaja kwenye kikombe cha mwanasesere. Niliwatazama watu wanaoingia na nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyebeba kitu. Mizigo yao ilikuja nyuma yao yenyewe, kwenye toroli. Hata mikoba yao ilionekana mitupu.

"Mama," nikasema. "Alisema anakuja na nini?"

"Na chakula. Angekuja mikono mitupu?"

"Chakula gani?"

"Sombe. Bugali. Ndagala. Amepika toka jana. Kwa nini?"

Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Bugali, yaani ugali. Ndagala, vile visamaki vikavu ambavyo harufu yake hutangulia mtu ngazini. Nikaifikiria sufuria ya sombe ikipita mbele ya kofia ya dhahabu. Nikafikiria mama yangu mwenyewe angepita wapi. Kwenye nyumba ya wazee mama hajawahi kuingilia mbele, kule kwenye maua na kengele. Anaingilia upande wa dobi, wote wanaingilia huko, na siku nikimpelekea chakula chake alichosahau nangoja huko huko, kando ya mapipa.

"Narudi," nikasema, na sikungoja aniulize.

Ningeweza kumwuliza mzee wa kofia mlango wa nyuma uko wapi. Sikumwuliza. Niliufuata ukuta. Ukuta wa hoteli ile ni mrefu ajabu, unashuka na mlima, mapambo yanapungua kadiri unavyokwenda, mwishoni ni tofali tupu na mabomba. Nilikata kona kwenye kichochoro cha pikipiki. Harufu ya sabuni na vitunguu vinavyokaangwa. Gari la dobi lilikuwa limeegeshwa, na mbele yake mlango wa chuma uliozuiwa kwa ndoo usijifunge.

Kando ya mlango, juu ya kreti la plastiki lililogeuzwa, alikaa mwanamke wa koti jeusi, magoti pamoja, mkono shavuni. Mapajani alikumbatia bunda lililofungwa kwa kitenge, kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Alikuwa na shingo ya mama.

Nasema ukweli: nilijua papo hapo, na nilisimama nyuma ya gari la dobi. Sijui kwa muda gani. Treni ilikuwa inakaribia, mama alikuwa anakauka juu kwenye sofa, na mimi natafuta sentensi zangu mbili na hazipo. Mwanamke mwenye kofia ya wavu alitoka jikoni, akamwambia kitu, Mama Mdogo akajibu kwa Kiitaliano chepesi, wakacheka. Kisha yule akarudi ndani na Mama Mdogo akatazama simu yake iliyozimika, akaipiga kidogo kwenye paja, kama unavyompiga mtoto aliyekataa kuamka. Hapo miguu yangu ikatoka.

"Mama Mdogo."

Akageuka. Alinitazama kuanzia viatu.

"Weye ni nani?"

"Mimi ni wa yaya. Wa yaya yako."

"Njo weye? Ni weye kweli?" Hakuinuka, bunda lilimzuia. Alinyoosha mkono akanishika kidevu, akakizungusha huku na huku kama anachagua nyanya. "Mungu yangu. Unaongea kumbe."

"Mama anakungoja mbele. Tunakungoja tangu saa ile."

"Mbele wapi?"

"Mlango wa mbele. Kwenye sofa."

"Anafanya nini mbele? Si yuko kazini?" Akaonyesha ule mlango wa chuma kwa kidevu. "Nimeuliza hapa, nikawaambia natafuta dada yangu, Mwafrika. Wakasema kuna mmoja, anaingia zamu ya saa kumi, ngoja. Nikangoja. Mi nasema, kazi imemshika, atatoka akipata nafasi. Nimwitie mlango wa patroni, wa bosi wake, na masufuria, wamfukuze kwa ajili yangu?"

Saa kumi. Angemngoja mwanamke mwingine mpaka treni yake iondoke.

"Twende mbele," nikasema.

"Mimi? Nipite pale na hii?" Akalipiga bunda, na kifuniko kikalia ndani. "Kaniitie mama yako. Kimbia!"

Nilikimbia. Sijui nilimwambia nini mzee wa kofia safari hii, nadhani sikusema hata sori. Nilipomfikia mama sikuwa na pumzi, nikasema tu, "Yuko nyuma. Kwa dobi. Na masufuria." Mama alishasimama kabla sijamaliza. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama kama mtu aliyevutwa na kamba. Nonna. Mtu wa kazi yake hamwachi mzee peke yake, hata chooni hamwachi. Alimtazama Nonna, akautazama mlango. Kisha akazunguka nyuma ya kile kiti, akafyatua breki, akasukuma.

"Tunakwenda wapi?" Nonna akauliza.

"Hewa, Nonna! Tunapata hewa!"

Tulitoka. Tulishuka ule mlima kando ya ukuta, mama akikimbia kwa viatu vya kisigino na mabawa ya kitenge yakimchomoka kwenye sweta, kiti kikirukaruka juu ya mawe, mimi ubavuni nimeshika mkono wa kiti kisipinduke. Nonna alishika mkoba kwa mikono miwili. "Piano!" akapiga kelele. "Piano, piano, mwendawazimu wewe!" Yaani polepole. Watu walitupisha. Kahawa aliyokuwa hajaimaliza ilikuwa imemmwagikia kwenye blauzi.

Mama Mdogo alikuwa amesimama sasa, bunda mikononi. Nilidhani watakumbatiana. Mama alisimamisha kiti, akafunga breki zote mbili, akaangalia miguu ya Nonna kama iko mahali pake, ndipo akageuka na kusema:

"Una akili kweli? Nakaa pale mpaka nakufa, na wewe uko huku na mapipa!"

"Na wewe unasema uko kazini, halafu unakaa kwenye masofa! Ningejua mimi?"

"Ungeuliza!"

"Nimeuliza! Wamenipa Mwafrika mwingine!"

Mama akalipokea lile bunda, akaliweka juu ya kreti, taratibu, lisimwagike. Halafu Mama Mdogo akaziba mdomo kwa mkono, mama akamshika kichwa, paji kwa paji, na sikusikia walichosema. Kilikuwa Kishi, lugha ya kwao, ambayo mimi sikufundishwa.

Nonna alivuta mkono wangu. "Huyu nani?"

Nilifungua mdomo lakini Mama Mdogo alishajibu, kwa Kiitaliano. Alichuchumaa mbele ya kiti, huku machozi yanamtoka, akaeleza, na wakati anaeleza mikono yake ilivuta soksi ya Nonna iliyoshuka na kufunga kifungo cha sweta. Nadhani hakujua anafanya hivyo. Nonna alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akampiga mama kibao kwenye mkono, cha kweli, kikalia.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu unanizungusha baharini na hii iko tumboni mwako. Mimi mnyama?"

"Samahani, Nonna."

"Sasa hicho ni nini? Kinanukia."

Tulikula pale pale. Yule mwanamke wa kofia ya wavu alituletea makreti mengine na sahani za hoteli, zile zenye mstari wa dhahabu. Mama Mdogo alifungua kitenge, taulo, karatasi ya fedha, na mvuke ukatoka. Alipakua. Alimkatia Nonna bugali vipande vidogo, akatoa miiba ya samaki kwa vidole, akamwongezea mama, akaniongezea mimi, akamwongezea mama tena. Wote wawili waliongea kwa wakati mmoja, kuhusu mama yao, kuhusu nyumba iliyouzwa, nani kafa, nani kanenepa. Nilikuwa najaribu kuyashika yote na kila nikishika moja matatu yalikuwa yameshapita.

"Inahitaji chumvi," Nonna akasema.

"Hakuna chumvi!" wakajibu wote wawili, kwa lugha mbili, bila kumtazama.

Kisha Nonna akasema Mama Mdogo apande juu, alale, kitanda kipo, yeye atalipa. Mama akamgeukia mdogo wake haraka mno. Mama Mdogo akatikisa kichwa.

"Bibi yangu wa Torino. Jioni hana mtu. Nani atamlaza?"

Hakuna aliyembishia. Mama, kuliko wote, hakuweza.

Nonna alikuwa ameanza kutetemeka, blauzi ikiwa imelowa, na alihitaji choo, na stesheni ina ngazi. Kwa hiyo mama hakwenda kwenye jukwaa. Waliagana pale kwenye mapipa, haraka na vibaya, kila mmoja akimwambia mwenzake ashike njia asichelewe, na mimi ndiye niliyembebea Mama Mdogo sufuria tupu mpaka kwenye treni. Njiani alinisemesha na nikamjibu. Hata nilimwambia kuhusu maziwa ya moto. Alicheka mpaka akasimama kushika ukuta.

Tumerudi Merrylands muda sasa, shule imefunguliwa, na mama bado ananiuliza. Anauliza akikata vitunguu, anauliza nikiwa bafuni. Alikaa dirishani? Alikaa. Upande wetu? Upande wetu. Alilia? Kidogo. Alisema nini? Nimemwambia yote, kwa mpangilio mwingine kila mara, na hayamtoshi.

Jana alikuja kunichukua shuleni akiwa na blauzi yake ya bluu. Tulisimama kwenye taa nyekundu karibu na stesheni ya Merrylands, treni ya kwenda mjini ikapita juu ya daraja, akauliza, "Na treni ilipoanza, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anakula."

Akanigeukia. "Anakula nini?"

"Bugali iliyobaki, ile kwenye karatasi ya fedha. Aliifungua hata kabla treni haijaondoka."

"Lakini tulikula wote."

"Yeye hakula, mama. Alikuwa anatupakulia sisi."

Mama alitazama mbele. Taa iligeuka kijani na hakuondoa gari.

"Na kitoweo? Kitoweo kilibaki?"

"Sikuona. Nadhani ilikuwa bugali tu."

Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena, refu, na mama akanyanyua mkono kumwomba radhi yule mtu kwenye kioo, na bado hakuondoka.

"Alikula yote?"

"Yote," nikasema. "Nilimwona."